Uchambuzi wa kisa: Binti aliyeitwa "mwanangu" miezi 17 bila mshahara

Kwa nini naandika hiki kisa

Mimi ni msaidizi wa kisheria, nipo kwenye wilaya moja ya mkoa wa Iringa, huku kwenye baridi na viazi na chai. Kila mwaka lazima nipate kesi mbili tatu za mabinti waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi za ndani Dar, Mbeya, Dodoma, wakapotelea huko huko. Hii ya leo naiandika kwa urefu kwa sababu nilikosea sehemu moja kubwa na sitaki mwingine akosee pale pale, na pia kuna kitu nilikielewa kupitia huyu binti ambacho miaka yote nilikuwa nakipita tu.

Majina nimetoa, kijiji nimetoa, mtaa wa Mbeya nimetoa, na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili asijulikane. Nitamwita Upendo. Yeye na mama yake wameridhia, niliwasomea yote kabla, na Upendo alinirekebisha sehemu mbili.

Nyumbani kwao

Upendo alimaliza la saba Oktoba 2022, akafaulu, akapangiwa sekondari ya kata, kilometa kama tisa kutoka kwao kwa njia ya mlimani. Alikuwa na miaka 13. Kadi yake ya kliniki ipo, mama yake alikuwa anaitunza kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari la jikoni, imekula moshi hadi imekuwa ya kahawia ila tarehe ya kuzaliwa inasomeka. Hiyo kadi ilikuja kutuokoa baadae.

Baba alienda kwenye kazi za mbao akaoa huko huko. Mama ana watoto wanne, ekari moja na nusu ya viazi na mahindi, na bibi mgonjwa ndani ya nyumba. Agosti ya mwaka ule bibi alilazwa, mama akakopa 85,000 kwa mwanamke mmoja mzaliwa wa hapo kijijini anayeishi mjini, ambaye kila mwisho wa mwaka anakuja na soda na mikate na vitenge na watu wanamfurahia kweli. Ndio huyo anayewaunganishia mabinti kazi. Kijijini wote wanamwita shangazi, hata wasio na undugu naye kabisa.

Elimu bila ada ipo tangu 2016, sawa, ila mtoto wa form one anahitaji sare pea mbili, sweta (huku bila sweta mtoto hasomi, anatetemeka), viatu vyeusi, daftari kubwa kubwa, na kilometa tisa maana yake apange chumba au atembee gizani asubuhi na jioni. Mama alipiga hesabu ikaja kama 140,000. Na Januari ndio mwezi mbaya kuliko yote, mahindi ya mwaka jana yameisha na viazi bado viko shambani.

Shangazi akaja wiki ya Krismasi. Wakakaa jikoni, wakaongea: binti aende Mbeya kwa mama mmoja mtu mzuri sana, atalipwa 40,000 kwa mwezi, miezi miwili ya kwanza inakata lile deni, kuanzia wa tatu hela inakuja nyumbani, na jioni binti atasoma ushonaji. Hakuna kilichoandikwa. Upendo mwenyewe alikuwa anapepeta maharage hapo nje na alisikia kila kitu, ananiambia alichokishika ni neno cherehani tu.

Niseme kitu hapa kabla sijaendelea. Mtihani wa la saba kwa kawaida ni Septemba, form one wanaanza Januari. Hapo katikati kuna miezi mitatu na zaidi mtoto hana mwalimu anayemuita jina asubuhi, akiondoka hakuna daftari la mahudhurio linaloonyesha kwamba hayupo. Wanaokuja kuchukua mabinti wanaijua hii miezi kuliko sisi tunaojiita watetezi wa watoto.

Alivyoondoka

Januari 9, 2023, siku ambayo wenzake wanaripoti shule, yeye alikuwa stendi ya Mafinga anapanda basi la Mbeya. Ndani ya basi shangazi akamfundisha: ukiulizwa una miaka 17, ukiulizwa zaidi wewe ni mtoto wa dada yangu. Namba ya simu ya jirani yao iliyoandikwa kwenye kipande cha daftari shangazi akaichukua, eti asije akaipoteza. Mfuko wake ulikuwa na gauni mbili, sweta ya bibi, na matokeo ya la saba ambayo alibeba bila kumwambia mtu.

Hakuna kondakta aliyeuliza chochote. Simlaumu sana kondakta, mtoto na mtu mzima wamekaa pamoja wanakula mahindi ya kuchoma, utauliza nini.

Kazi, na lile daftari

Nyumba ina geti, mama, baba, watoto watatu, na biashara ya vitumbua na maandazi inayouzwa nje asubuhi. Upendo anaamka saa kumi kasoro kukanda na kuchoma, saa kumi na mbili anaandaa watoto, halafu vyombo, nguo, kupiga deki, kupika mchana, kwenda gengeni, kuloweka mchele wa vitumbua vya kesho, jioni kupika tena, analala saa tano saa sita. Siku saba. Alikuwa analala stoo, godoro la futi mbili na nusu katikati ya magunia, na mlango wa stoo hauna komeo. Kila usiku alikuwa anaburuza ndoo ya maji ya lita 20 anaiweka nyuma ya mlango. Nilipomuuliza kwa nini ndoo aliniangalia tu muda mrefu halafu akasema, ikimwagika naamka. Hapo sikuendelea kuuliza, nilimwachia afisa ustawi wa kike ambaye amesomea kuongea na watoto, na yaliyosemwa hayo sitayaandika.

Hakupigwa sana, hilo alilisema mwenyewe kama vile anamtetea yule mama. Alipigwa mara nne, anazikumbuka zote. Yule mama hakuwahi kumuita dada wala msichana wa kazi. Alimuita mwanangu. "Mwanangu hebu fua hizi." "Mwanangu leo hatuli nyama, ni ya baba." Wageni wakija anaambiwa huyu ni mtoto wa mdogo wangu wa Iringa.

Mwezi wa tatu akauliza mshahara. Akajibiwa hela inatumwa kwa shangazi yako kila mwezi. Huku nyumbani mama akimpigia shangazi anaambiwa bosi hajatoa, vumilia. Kwa miezi yote 17 mama alipokea 30,000 mara moja tu, Aprili 2023. Sasa nani alikula nini mpaka leo hawa wawili wanarushiana mpira.

Ila kitu kilichonikaa kichwani ni daftari. Daftari la kawaida la mtoto wa shule, kurasa 40, lenye jina la Upendo juu kwa mwandiko wa mwajiri. Ndani ni madeni. Nauli ya kuja 22,000. Chupa ya chai kuvunja 18,000. Shati la baba kuungua na pasi 25,000. Dawa za taifodi 12,000. Sketi na ndala 15,000. Unga wa ngano kuharibika 9,000. Ukurasa baada ya ukurasa, na tarehe, na kila mwisho wa mwezi jumla imepigwa mstari chini kwa rula. Hakuna hata sehemu moja palipoandikwa mshahara. Mei 2024 Upendo alikuwa "anadaiwa" 214,000, na aliamini kabisa kwamba anadaiwa. Aliniambia alikuwa anaogopa kuondoka kwa sababu mama yake atafungwa kwa lile deni.

Yani mtoto kafanya kazi mwaka na miezi mitano, na amekuwa na deni kubwa kuliko lile lililompeleka.

Alipotoroka mara ya kwanza

Septemba 2023 alitumwa gengeni akapitiliza, akatembea mpaka barabara kuu, akauliza njia ya stendi ya Nane Nane, akafika. Hana nauli. Akakaa hapo hadi jioni, mama mmoja muuza chai akamuonea huruma akampeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Mpaka hapo kila mtu alifanya vizuri.

Kiongozi wa pale akampigia yule mama mwenye nyumba, akaja haraka na kitenge kizuri, analia kabisa, "mwanangu nimekutafuta mji mzima". Akaeleza ni mtoto wa mdogo wake, mtukutu, amewashinda kwao ndio maana kaletwa huku. Upendo akaulizwa mbele yake: huyu ni nani wako? Akasema, mama mkubwa. Akarudishwa, akasemwa na wazee wa mtaa kuhusu kuheshimu wakubwa.

Nimeongea na yule kiongozi baadae, si mtu mbaya. Alisema, kesi za familia sisi tunasuluhisha, hatupeleki polisi. Hilo neno familia ndio lilimfungia geti yule mtoto kwa miezi mingine tisa.

Simu kwa mwalimu

Mei 2024 dada anayeuza genge pale kona aligundua kwamba huyu binti anapungua. Alikuwa anamuona kila siku anakuja na vitenge vile vile na ana vidonda mikononi vya mafuta ya moto. Siku moja akampa simu, akamwambia mpigie mtu wa kwenu. Upendo hakuwa na namba ya mtu yeyote kichwani isipokuwa moja, ya mwalimu mkuu wake wa shule ya msingi, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi na kila siku asubuhi wakipanga mstari walikuwa wanaitazama hiyo namba miaka saba mizima.

Mwalimu akaja kwangu kesho yake kwa pikipiki, mvua inanyesha, hata salamu haikuisha vizuri. "Kamwene." "Kamwene mwalimu, karibu." "Dada, kuna mtoto wangu yupo Mbeya, nahisi haruhusiwi kutoka."

Kosa langu

Nilichofanya kwanza ni kumpigia simu mwajiri. Nilipata namba yake kwa dada wa genge. Nilifikiri hivi: labda ni kutoelewana tu kuhusu mshahara, nikimpigia kistaarabu mtoto ataachiwa bila kelele, polisi wataleta usumbufu, mama wa Upendo naye anaweza kuingia matatizoni kwa kumtoa. Sababu zote zilikuwa na akili ukizisikia. Yule mama alinijibu kwa upole mno, shikamoo dada, jamani mwanangu ana nini tena, njoo umchukue hata kesho.

Kesho yake Upendo hakuwepo. Alipandishwa gari usiku akapelekwa kwa ndugu yao Tunduma, mpakani kabisa, na mimi najua Tunduma kukoje, mtu akivuka pale umempoteza. Siku kumi na moja hatukujua yuko wapi. Sitazisahau hizo siku. Mama yake alikuja kukaa ofisini kwangu kila asubuhi, hasemi kitu, anakaa kwenye benchi tu mpaka jioni.

Kwahiyo anayesoma hapa na anafanya kazi kama yangu: usimpigie mwajiri. Hata kama unamfahamu. Kwanza jua mtoto yuko wapi na nani anaweza kumfikia siku hiyo hiyo, halafu dawati la jinsia na watoto la polisi na ustawi wa jamii waende kwa pamoja, na kama uko mbali namba 116 ni bure na wanaunganisha na ustawi wa eneo husika. Nilikuwa nalijua hili, nimelifundisha hata kwenye semina, na bado nikapiga ile simu kwa sababu sauti ya mtu mzima mwenye heshima inatulegeza.

Alivyopatikana na maamuzi yaliyofuata

Dada wa genge ndiye aliyetuokoa tena. Alimjua dereva wa bodaboda aliyebeba begi usiku ule hadi kwenye kituo cha magari, dereva akamjua aliyempokea kwa jina, na dawati la huku likawasiliana na wenzao wa Mbeya na Tunduma. Juni 9 Upendo akapatikana anauza karanga za kukaanga stendi. Lile daftari lilikuwa kwenye begi lake, mwajiri alilifungasha pamoja na nguo ili deni lihamie nyumba mpya. Hilo lilikuwa kosa lake yeye, na kwetu ikawa ushahidi.

Uamuzi wa kwanza: arudi nyumbani moja kwa moja au la? Mama alitaka arudi siku hiyo hiyo. Afisa ustawi alikataa kwa sababu shangazi ana watu kijijini na wangeanza kumshawishi abadilishe maneno. Akakaa wiki tano kwa mlezi wa muda aliyeidhinishwa na ustawi, mama mtu mzima mwenye shamba la viazi. Niliona ni ukatili wakati ule kumzuia mama, sasa naona ilikuwa sahihi.

Maana mahojiano ya kwanza yaliharibika. Alihojiwa pale mapokezi, watu wanapita, mmoja ana kesi ya kuku, na Upendo akasema hakuwa mfanyakazi, alikuwa anasaidia tu, na kwamba mama mkubwa alikuwa anampenda. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu haikuwa mahojiano hata, alikuwa anamenya viazi na yule mlezi, mlezi akamsifia, unamenya haraka wewe nani kakufundisha, na Upendo akasema, huko nilikuwa namenya ndoo mbili kabla hawajaamka. Halafu hakunyamaza hadi giza likaingia. Mlezi alimwita afisa ustawi kesho yake wakaandika vizuri.

Uamuzi wa pili ni njia ya kisheria, na hapa wengi wanachanganya. Kudai mshahara ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba moja, na mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60 tu, wa kuachishwa una siku 30. Ukipitisha lazima uombe kuongezewa muda kwa fomu nyingine na uwe na sababu. Wazazi wengi wanakuja kwangu baada ya mwaka. Sisi tuliwahi, mama akasimama kwa niaba ya mtoto. Na jinai ni njia nyingine kabisa, haisubiri hiyo.

Watu waliniuliza, utadai vipi mshahara wa ajira ambayo yenyewe ni haramu? Ni kweli Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Ila msimamo wetu ulikuwa kwamba aliyevunja sheria asifaidike kwa kuivunja. Tukatumia kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, 60,000 kwa mwezi, mara miezi 17, ikaja 1,020,000.

Kwenye usuluhishi mwajiri akasema sentensi moja tu na kuirudia: hakuwa mfanyakazi, ni mtoto wa familia. Tukaweka daftari mezani. Msuluhishi akalifungua, akasoma kurasa kama tatu kimya, akamuuliza: mama, mtoto wako wa kuzaa naye ana daftari kama hili?

Hakujibu.

Kilichopatikana

Walikubaliana 700,000 kwa awamu mbili. Mimi sikuridhika na bado sijaridhika, ila mama wa Upendo alisema anataka hela kabla shule hazijafunguliwa na hataki kupanda tena gari kwenda Mbeya, na ile ni haki yake si yangu. Awamu ya kwanza ililipwa kwa wakati, ya pili ililipwa baada ya kukumbushwa kwamba makubaliano ya Tume yanakaziwa kama hukumu.

Jinai inaenda polepole. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inasema wazi, akiwa mtoto, ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi. Hilo linambana shangazi. Tatizo ni kwamba shahidi mkubwa ni mama, na mama anaogopa kwamba akisimama kusema "nilimtoa mwanangu kwa deni la 85,000" na yeye atawekwa ndani. Mara mbili hakufika. Shangazi alikamatwa, akapata dhamana, na nilipokuwa namalizia kuandika hapa kesi ilikuwa imeahirishwa tena.

Neno mwanangu

Hapa ndio pale niliposema nimeelewa kitu.

Nilikuwa nadhani mtoto anashikwa na geti. Upendo geti alilifungua mwenyewe Septemba, akafika hadi stendi. Alichoshindwa kukifungua ni deni na undugu. Deni linamwambia ukiondoka mama yako ataumia, undugu unawaambia watu wote wa nje hii haiwahusu. Vikiwa pamoja mtu anaweza kukaa stoo miaka na mtaa mzima ukamsalimia kila asubuhi wakati anauza vitumbua.

Na hivi si vitu vipya huku kwetu. Karne ya 19, wakati wa vita vya watawala wa Uhehe na Usangu na misafara ya pembe iliyokuwa inapita kati ya ziwa Nyasa na Tanganyika, wanawake na wasichana ndio walikuwa wanabakizwa zaidi humu bara, kwa sababu mwanamke analima, anapika, anazaa, na anaingizwa ndani ya ukoo mpaka wajukuu wasijue alitoka wapi. Njaa ikiingia au ukoo ukidaiwa, aliyewekwa rehani mara nyingi ni msichana. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe 1891 na baadae Utengule na Mbozi, waliandika simulizi za wanawake waliotekwa wakiwa wadogo wakapitishwa mkono hadi mkono, leo ni mtumwa, kesho ni mke, keshokutwa ni fidia ya kesi ya mtu mwingine. Ukizisoma unaona jinsi walivyokuwa wanatafuta mtu yeyote wa kumwita baba au kaka, kwa sababu asiye na ndugu hana wa kumsemea. Upendo alipoulizwa ofisi ya mtaa huyu ni nani wako, akasema mama mkubwa, nafikiri alikuwa anafanya kitu hicho hicho. Ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye mle chumbani.

Angalia na Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa 1873. Amri ya kuondoa utumwa ikaja 1897, lakini masuria wakaachwa nje ya ile amri, hoja ikiwa hao ni kama wake, ni mambo ya ndani ya nyumba. Wakasubiri hadi 1909. Huku bara Waingereza waliufuta kisheria 1922. Yani kule visiwani waliochelewa kabisa kuachiwa ni wanawake, na walicheleweshwa na neno zuri, nyumbani. Niliposikia yule mwajiri anasema "ni mtoto wa familia" mbele ya msuluhishi, ndio nikakumbuka hiyo miaka 12.

Sisemi kila ndugu anayelea mtoto wa ndugu ni mwovu, mimi mwenyewe nimelelewa na mama mkubwa Iringa mjini na nikasomeshwa. Tofauti nilikuwa siijui kuieleza, sasa najiuliza vitu vichache nikienda kwenye nyumba: huyu mtoto anasoma kama wenzake wa umri wake? Anakula wakati gani na chakula gani? Ana namba ya mama yake kichwani na anapiga lini? Na kuna mahali pameandikwa kwamba anadaiwa?

Kilichosaidia na kilichoharibu

Kilichosaidia zaidi hakikutoka ofisini. Namba ya mwalimu ukutani, na dada wa genge aliyetoa simu yake na baadae akakubali kuandikisha maelezo japo alipoteza mteja na akasemwa sana mtaani. Kadi ya kliniki ilimaliza ule ubishi wa miaka 17 ndani ya dakika moja, kwahiyo wazazi tunzeni hizo kadi, na cheti cha kuzaliwa kama mnaweza. Na daftari, bila shaka.

Kilichoharibu, nimeshasema ile simu yangu. Na mahojiano ya mapokezi. Na mtaa kumuuliza mtoto mbele ya anayemlalamikia, hii naomba viongozi wa mitaa mnisikie, mtoto anaulizwa peke yake, hata dakika kumi tu, hata kama aliyekuja analia. Jambo la mwisho ni sisi kumkalia mama wa Upendo kama mtuhumiwa. Nilimuuliza siku ya kwanza, "mama, ulimtoaje mtoto kirahisi hivyo?" na tangu siku hiyo hakuniambia ukweli wote mpaka miezi imepita. Ningeanza kwa kumuuliza bibi anaendeleaje.

Sasa hivi

Januari 2025 Upendo aliingia form one, ana miaka 15, waraka wa elimu wa 2021 unaruhusu waliokatisha kurudi na mkuu wa shule hakuleta shida. Amekaa na mabinti wawili kwenye chumba cha kupanga karibu na shule, hela ya chumba imetoka kwenye ile 700,000. Hisabati inamsumbua, Kiswahili anaongoza. Bado anaamka saa kumi, anasema mwili umezoea, basi anatumia muda huo kusoma. Mlango wa chumba chao una komeo, alilinunua yeye siku ya kwanza kabla ya godoro.

Oktoba nilienda na mwalimu mkuu kwenye ile shule ya msingi, la saba walikuwa wamemaliza mtihani mwezi uliopita. Tuliandika majina ya mabinti wote 23, namba ya mzazi, na kila mmoja tukamkaririsha namba mbili kichwani hadi azitaje bila kuangalia. Mwalimu amesema kila Ijumaa hadi shule zifunguliwe atapita kwenye nyumba zao kwa pikipiki. Wiki iliyopita alinipigia, 21 wapo, mmoja yupo kwa bibi yake Kilolo na ameongea naye. Mmoja mama yake anasema amefuatwa na shangazi yake. Kesho asubuhi tunaenda huko, mimi, mwalimu na afisa ustawi, na safari hii hatujampigia mtu yeyote.